Je, Wajua? Asmini ya Kikuba na Nzi Mweupe wa Muhogo

Je, wajua kwamba asmini ya kikuba anachokivaa bibi harusi wa Mombasa imetoa jina la homoni iliyomo pia kwenye muhogo wa Likoni? Mwaka 1962 wakemia wa manukato waliyachambua mafuta ya asmini, wakapata kitu wakakiita methili jasmoneti. Baadaye ikabainika kuwa mimea mingi hutengeneza jasmoneti. Kiwavi akitafuna jani, homoni hiyo hupanda na jani likajaa sumu za kumvuruga tumbo.

Homoni ya pili ni asidi ya salisiliki, nduguye aspirini. Hiyo huamka hasa mmea ukiingiwa na viini vya ugonjwa. Tatizo ni kwamba mara nyingi hizi mbili hazielewani: moja ikipanda, nyingine hushuka.

Nzi mweupe anaufaidi ugomvi huo. Tikisa muhogo pale Kisauni uone wanavyoruka kutoka chini ya majani, utadhani vumbi la chokaa. Huyu hatafuni. Ana mrija mwembamba anaoupenyeza kati ya seli hadi kwenye utomvu, akanywa bila kurarua jani. Wanasayansi wameona kwamba makinda yake yakinyonya, mmea huinua salisiliki kana kwamba unaumwa, na jasmoneti, ambayo ndiyo ingeyadumaza, hufifia.

Umbea nao haukosi. Utafiti wa 2019 ulionyesha kuwa mnyanya ulioshambuliwa na nzi huyu hutoa harufu inayowafanya majirani wajiandae kwa salisiliki. Ni tahadhari potofu, maana nzi akihamia kwao anakuta karamu imeshaandaliwa! Na mwaka 2021 watafiti wa China walitangaza kuwa mdudu huyu ana jeni iliyotoka kwa mimea yenyewe, anayoitumia kuzimua sumu za mimea hiyo. Wizi wa namna hiyo sijausikia kwa kiumbe mwingine wa shambani.

Kana kwamba haitoshi, ndiye anayesambaza virusi vya batobato ya mihogo, ugonjwa ulioelezwa kwanza Usambara mwaka 1894.

Kwenye mipapai mnyonyaji ni mwingine: kidung'ata mwenye ungaunga mweupe, mgeni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2016. Adui yake hasa ni nyigu mdogo mno, Acerophagus papayae, ambaye humtagia yai ndani ya mwili, na kinda likamla akiwa hai.