Wapanda Mlima wa Pumwani na Kituo Chao

Sikio la Mswahili haliwezi kulisikia jina la Pumwani lisikumbuke pumzi na kupumua. Mtaa huu wa mashariki ya Nairobi ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na miongoni mwa wakaaji wake wa awali walikuwamo Waislamu waliohamishwa kutoka vijiji vya kale vya mji ule, kimojawapo kikiitwa Mombasa. Karibu na hapo pana Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Basi mtu wa Eastlands akitaka kujua thamani ya kutua mzigo hana haja ya kuuliza mbali. Majina ya mitaa yake yanamwambia.

Hata hivyo, wako waliokwenda kuitafuta thamani hiyo mbali. Nawajua bwana na bibi mmoja wa Majengo, Pumwani, walioniruhusu nikieleze kisa chao bila ya kuwataja. Bwana ni dereva wa matatu. Bibi huuza nguo za mitumba katika soko la Gikomba. Ndoa yao ilipotimiza miaka ishirini walinuia kupanda Mlima Kenya, na bwana, kama ilivyo ada ya wanaume barazani, akatangaza mapema kwamba hatarudi ila amesimama juu ya Lenana.

Walishika njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki. Siku ya kwanza msafiri hulala kambi ya Old Moses, kiasi cha mita 3,300 juu ya bahari. Siku ya pili hulifuata bonde la Mackinder, mwendo wa kilomita 14 hivi, mpaka kambi ya Shipton, mita 4,200. Pimbi huwa wametapakaa mawe yote pale, nao hawana haya ya kudokoa chakula cha mgeni. Kutoka hapo watu huondoka usiku wa manane ili jua liwakute Lenana, mita 4,985. Vilele viwili vilivyopita hicho, Nelion na Batian, ni vya wenye kamba na ufundi wa kukwea majabali.

Wenzetu wa pwani si wageni wa njia za mlima huo. Mwaka 1899, Mwingereza Halford Mackinder alipoondoka Nairobi kwenda kuukwea, msafara wake ulikuwa na Waswahili 66 pamoja na Wakikuyu 96. Tarehe 13 Septemba mwaka huo yeye na Wazungu wenzake wawili walifika kilele cha Batian. Aliyefika juu alibebewa na wengi waliobaki chini.

Turudi kwa wenzetu wa Majengo. Usiku wa Shipton bibi alishikwa na kichwa, kisha kichefuchefu, kisha akatapika. Sababu yake yajulikana. Katika kimo kile hewa ni nyepesi, na kila pumzi humpa mtu kiasi cha sehemu sita tu katika kumi za oksijeni aipatayo mtu wa Mombasa ufukoni. Mwili hujizoeza, lakini hutaka siku. Waganga wa maradhi haya hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asipandishe malalo yake zaidi ya mita 500 kwa siku. Na kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900 kwa mkupuo mmoja! Anayeumwa kichwa na kutapika asipande tena mpaka apoe, na akizidiwa ateremshwe upesi, hata ikiwa ni usiku, kwani maji yakiingia mapafuni au ubongo ukivimba, ni mauti.

Saa tisa za usiku kiongozi wao alikuja na taa. Bibi akasema, "Baba watoto, wewe nenda. Mimi nitakungoja hapa."

Bwana alishavaa viatu. Aliniambia kwamba alichokiona mbele yake wakati ule hakikuwa mlima, bali ni nyuso za watu wa barazani. Akauliza kama yawezekana amwache. Kiongozi akajibu kwamba mgonjwa wa mlima haachwi peke yake. Bwana akavua viatu.

Wakapumzika siku nzima. Chai ya tangawizi, maji mengi, tende, na kulala. Kufika adhuhuri kichwa kilianza kumwachia. Wakachemsha maji jikoni, maana ya kijitoni yalikuwa kama barafu, wakatawadha, wakasali kasri pamoja. Kibla cha huko ni kaskazini, na vilele viko kusini ya kambi. Hivyo bwana yule aliswali akiwa amekipa mgongo kile alichokijia.

Baada ya sala wakazungumza. Hapo ndipo alipojua kwamba mkewe ana miaka miwili anaumwa mgongo kwa kuinua marobota ya mitumba, asiseme. Yeye hutoka nyumbani kabla ya alfajiri na hurudi usiku; angaliambiwa saa ngapi? Kesho yake siku za ruhusa zilikuwa zimekwisha. Wakateremka bila ya kuiona Lenana.

Barazani walichekwa, kama ilivyotarajiwa. Bibi alipita akasikia, akasema, "Mlima ungalipo, mume wangu yupo, na mimi nipo. Nani aliyepungukiwa?" Pakawa kimya. Siku hizi marobota huletwa na mkokoteni mpaka mlangoni pa kibanda, na bwana ndiye anayelipa.

Dini yetu imempunguzia msafiri sala na kumruhusu kufungua saumu, kwa sababu safari ni mashaka. Ikiwa Mola amemsahilishia, yeye anajifanyia uzito kwa ajili ya nani? Nasi watu wa pwani tuna haja zaidi ya funzo hili, kwani sisi hutoka usawa wa bahari moja kwa moja. Anayenuia Mlima Kenya na aongeze siku moja katika hesabu yake: alale mara mbili Old Moses au mara mbili Shipton. Wenzetu wa Majengo wamenuia kurudi, na mara hii siku hiyo wameitia ndani ya gharama tangu mwanzo.