Je, Wajua? Daktari akishambuliwa, nani atamtibu mgonjwa?

Je, wajua kuwa msitu alikotupwa kiongozi wa madaktari waliogoma mwaka 2012 hauko mbali na Goba, Dar es Salaam? Ni kule Mabwepande. Usiku wa Juni 26, 2012, Dk. Steven Ulimboka, mwenyekiti wa Jumuiya ya Madaktari, alitekwa na watu wenye silaha maeneo ya Leaders Club, Kinondoni. Kesho yake aliokotwa akiwa hoi kwa kipigo, ameng'olewa kucha na meno. Wenzake walimpokea Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, kisha akapelekwa Afrika Kusini kwa matibabu.

Je, wajua walichodai madaktari hao? Wengi wanakumbuka mshahara wa shilingi milioni 3.5 tu. Lakini kwenye orodha kulikuwa pia na nyumba, bima ya afya, vitendea kazi na posho ya mazingira hatarishi. Hii ya mwisho ndiyo inayoniuma hadi leo. Anayemchoma sindano mgonjwa wa homa ya ini, au kumhudumia anayekohoa kifua kikuu, anaomba hatari ya kazi yake itambuliwe. Msemaji wake akakutana na hatari kubwa zaidi nje ya geti la hospitali.

Je, wajua kuwa gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa Julai 30, 2012, baada ya kuandika kuhusu utekaji huo? Raia mmoja wa Kenya alishtakiwa kwa jaribio la kuua, lakini mwaka 2013 upande wa mashtaka ukaliondoa shtaka hilo. Jibu la nani aliyemtuma nani, familia na wenzake hawajalipata mahakamani.

Je, wajua kuwa sheria inambana daktari anayetaka kugoma? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaiweka afya kwenye huduma muhimu, pamoja na maji, umeme na zimamoto. Ninaielewa sababu yake, kwa kuwa mama mwenye uchungu hawezi kusubiri mazungumzo. Lakini anayezuiwa kugoma anastahili kusikilizwa upesi kuliko wengine, na ulinzi wake usisubiri bajeti ijayo.

Je, wajua kuwa Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi? Matusi na vitisho havimo katika hesabu hiyo.

Je, wajua Butembo, mashariki mwa Kongo? Aprili 19, 2019, katikati ya vita dhidi ya Ebola, watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu na kumuua Dk. Richard Mouzoko wa Cameroon. Siku chache baadaye madaktari wa mji huo waliandamana na kutishia kuacha kazi kama usalama wao hautahakikishwa. Walibaki kati ya risasi na virusi.

Na je, wajua ya Nairobi? Katibu Mkuu wa chama cha madaktari cha Kenya, Davji Atellah, alijeruhiwa kichwani kwa kopo la gesi ya machozi Februari 29, 2024, kwenye maandamano ya kudai madaktari watarajali wapangiwe kazi. Majuma mawili baadaye mgomo ulianza, ukadumu siku 56.

Je, wajua kilichotokea Kolkata, India? Agosti 9, 2024, daktari kijana wa kike aliyekuwa zamu alibakwa na kuuawa ndani ya hospitali ya RG Kar, katika ukumbi wa semina alikokwenda kupumzika. Madaktari waligoma nchi nzima. Mahakama ya Juu ikaunda kikosi kazi cha usalama wa wahudumu.

Tukirudi nyumbani, je, wajua kuwa vituo vya afya vya umma hapa Tanzania vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi? Mkazi wa Goba, mtafute mwakilishi wako. Muulize kama taa ya njia ya wodi ya wazazi inawaka usiku, kama chumba cha zamu kina kufuli, na kama muuguzi akipiga kelele saa nane usiku kuna mlinzi wa kumsikia.