Xiao Chai Hu Tang: Dawa ya Kale na Mapafu ya Wagonjwa

Mwishoni mwa enzi ya Han, yapata miaka 1,800 iliyopita, tabibu Zhang Zhongjing wa China aliandika katika Shanghan Lun dawa ya kuchemsha yenye viungo saba: mizizi ya chaihu, huangqin, banxia, ginseng, tangawizi, susu na kunazi za Kichina. Aliikusudia kwa mgonjwa ambaye homa na baridi humpata kwa zamu, kinywa kichungu, hamu ya chakula imetoweka.

Japani, inakoitwa Sho-saiko-to, ilipewa kazi ambayo Zhang hakuitaja: kutibu homa sugu ya ini. Wagonjwa waliinywa kwa muda mrefu, wengine pamoja na interferoni. Mwaka 1994 mchanganyiko huo ulikatazwa, kwa kuwa mapafu yalidhurika. Machi 1996 Wizara ya Afya ya huko ilitangaza wagonjwa 88 wenye uvimbe wa tishu za mapafu. 10 walikuwa wamefariki.

Mhudumu, basi, amwulize kila mgonjwa wa ini kuhusu mitishamba, tena bila kumkaripia, maana anayekaripiwa huficha. Naye anayeitumia dawa hii, akipatwa na homa, kikohozi kikavu au kukosa pumzi, aiache na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.