Pwani ya Matabibu

Mtu aliyezaliwa Tanga, Lamu au Unguja, akisikia kwamba Waingereza wanayo miji ya pwani waiendeayo kupumzika, aghalabu hujijengea moyoni sura ya maji ya uvuguvugu na mchanga mweupe, akasafiri na nguo nyepesi na tamaa ya kuogelea tangu asubuhi hata magharibi. Na kwa kuwa tamaa hiyo haikutangulizwa na elimu, hurudi akiilaumu bahari ambayo haikumwahidi kitu. Kwa sababu hiyo, kabla sijanena habari ya tikiti wala ya chumba, napenda msomaji aujue mji mmoja katika miji hiyo, nao ni Scarborough, ulioko Yorkshire, mashariki mwa Uingereza, ukiikabili Bahari ya Kaskazini. Maana ajuaye asili ya mji huu hatapata taabu kuupangia safari.

Sifa ya Scarborough haikuanzishwa na watu waliotaka raha, bali na wagonjwa waliotaka shifaa. Katika miaka ya 1620 mwanamke mmoja wa mji huo, Bi Farrow, alitambua kwamba maji ya chemchemi iliyotiririka chini ya genge, kando ya ufuko wa kusini, yalikuwa na ladha ya uchungu na yaliyatia mawe rangi ya kutu, na watu wakaanza kuyanywa kama dawa. Mwaka 1660 tabibu Robert Wittie akatoa kitabu cha kuyasifu. Na baada ya hapo matabibu hawakutosheka na chemchemi, wakawaamuru wagonjwa wao waingie katika bahari yenyewe, baridi kama ilivyo, kwa kuamini kwamba ile baridi ndiyo dawa. Picha iliyochorwa mwaka 1735 yaonyesha vijumba vya mbao vyenye magurudumu vikiwa vimekwisha kufika ufukoni, navyo vilikokotwa hata majini ili mwogaji avue nguo zake ndani kwa sitara. Hata karne ya kumi na tisa itikadi ya kwamba pwani huponya ilikuwa hai: mwezi wa Mei 1849 mwandishi Anne Brontë, aliyekuwa akiugua kifua kikuu, alikuja hapa kuitafuta hewa ya bahari, akafariki siku chache tu baada ya kuwasili, umri wake miaka 29. Kaburi lake lipo katika uwanja wa kanisa la St Mary's, karibu na ngome ya kale, na kwangu mimi hakuna mahali pengine mjini panapoieleza pwani hii kwa uwazi kama hapo.

Garimoshi lilipofika mwaka 1845, wazima wakawafuata wagonjwa kwa maelfu, na mji ukajengwa kwa ajili yao: Grand Hotel ya mwaka 1867, yenye ghorofa 12, minara 4 na vyumba 365 kwa hesabu ya siku za mwaka, na mwaka 1875 mabehewa yavutwayo kwa kamba kupanda na kushuka genge, ya kwanza ya namna hiyo katika Uingereza. Lakini umbo la mji likabaki lile la matabibu, yaani njia ndefu za matembezi, viti vinavyoikabili bahari, na bustani zilizokingwa na upepo. Basi mwenye kupanga safari apange kutembea, kukaa na kuvuta hewa. Kuogelea kuwe ni nyongeza. Mwezi wa Agosti maji ya bahari hiyo huwa kama nyuzi joto 14 hivi, ilhali yetu hayashuki chini ya 24; na asiyezoea, akiyaingia, aingie polepole, akae dakika chache, na asiende nje ya bendera nyekundu na njano za walinzi wa pwani.

Kuhusu majira, mwezi wa Juni na siku za katikati ya Septemba ndizo nizipendazo, kwani tangu mwisho wa Julai hata mwanzo wa Septemba shule hufungwa, na vyumba hupanda bei. Juni nayo ina ukungu wake: hewa ya joto ipitapo juu ya maji baridi hugeuka wingu zito linalouziba ufuko, huku maili chache bara jua likiwaka, na dawa yake ni sweta na subira. Muislamu azingatie tena kwamba katika mwezi huo jua huchomoza saa 10 na nusu alfajiri na kuchwa karibu na saa 3 na nusu usiku, hata Isha na Alfajiri zikakaribiana mno, basi heri apate mapema ratiba ya msikiti wa karibu.

Jambo ambalo mtu wa pwani yetu atalifahamu kuliko wengi ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua tofauti ya maji hukaribia mita 5, nasi kwetu tumezoea kama mita 4. Kwa hiyo ufuko mpana wa asubuhi waweza kuwa ukanda mwembamba adhuhuri. Jedwali la maji litazamwe kabla ya kupanga siku, hasa kwa atakaye kuzunguka Marine Drive, ile njia iliyopita chini ya ngome kuunganisha fuko mbili, kwani bamvua likikutana na upepo wa mashariki mawimbi huupanda ukuta na kumwagika njiani.

Viza huombwa si zaidi ya miezi 3 kabla ya safari. Garimoshi hutoka London hadi York kwa muda wa saa 2 hivi, na hapo hupandwa jingine hadi Scarborough, mwendo wa chini ya saa moja. Nyumba nyingi za wageni ni ndefu na hazina lifti, basi mwenye wazee aulize habari ya ngazi.

Chakula cha pwani hiyo ni samaki wa kukaanga na chipsi, na huko Yorkshire desturi ya kale ni kukaanga kwa shahamu ya ng'ombe. Kwa hiyo Muislamu, na Mhindu vilevile, aulize kwanza mlangoni ni mafuta gani yaliyomo karaini, kwani maduka yanayotumia mafuta ya mimea yapo. Akishapata chakula chake, akalie ndani au chini ya paa, maana shakwe wa Scarborough hushuka kwa nyuma, kimya, wakamnyang'anya mtu tonge mkononi.