Zaynab na Leso ya Askari

Wakazi wa Mpumudde, pale Jinja, wanaijua vyema habari ya kilima chao. Hapo ndipo Omukama Kabalega wa Bunyoro alipofariki mwezi wa Aprili, 1923, akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni Ushelisheli. Na jina lenyewe la mahali, kwa Kiluganda, ni neno la mtu asemaye kwamba amepumzika. Si mbali na kilima hicho, maji ya Mto Nili huanza safari yao ndefu ya kwenda Misri. Huko, katika mashamba ya pamba yanyweshwayo na mto huo huo, ndiko kinakotukia kisa cha Zaynab, riwaya ya mapenzi ambayo kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa mwanzo wa riwaya ya kisasa ya Kiarabu.

Mtungaji wake, Muhammad Husayn Haykal, aliyezaliwa mwaka 1888, aliianza akiwa mwanafunzi wa sheria mjini Paris. Ilipochapishwa mwaka 1913 hakuthubutu kuweka jina lake; jalada lilisema tu kwamba mwandishi ni mkulima wa Misri. Mwanasheria kijana aliona haya kujulikana kuwa mtunga hadithi za mapenzi! Baadaye aliandika kitabu mashuhuri juu ya maisha ya Mtume Muhammad, akawa waziri wa elimu, na haya hiyo ikamtoka.

Zaynab ni binti kibarua katika shamba la bwana mkubwa. Ampenda Ibrahim, msimamizi wa vibarua, kijana mwema asiye na kitu. Hamid, mwana wa mwenye shamba, naye humnyemelea binti huyo kila arudipo likizoni kutoka Cairo. Lakini Hamid ni mtu wa kutamani na kujuta, kurasa zake zachosha, na msomaji asiye na subira ataziruka bila hasara kubwa. Uzito wa kitabu uko nyumbani kwa Zaynab, siku anapoposwa na Hasan. Hasan ana ardhi, ana tabia njema, hana kosa lolote. Baba akubali. Binti hathubutu kupinga, na kunyamaza kwake kwahesabiwa kuwa ridhaa.

Sheria ya Kiislamu humtaka walii aombe idhini ya bikira, na ukimya wake huchukuliwa kuwa kukubali, kwa kuwa haya humzuia kusema. Haykal aonyesha haya iyo hiyo ikimfunga mdomo binti aliyekwisha kukataa moyoni. Wala hakuna mwovu katika nyumba ile. Hasan ampenda mkewe. Mkewe amheshimu, na heshima hiyo ndiyo inayommaliza, kwani hataki kumkosea mumewe hata kwa neno.

Kisha Ibrahim aitwa jeshini. Katika Misri ya siku zile kijana aliweza kujikomboa kwa kulipa fedha: mwenye mali alibaki nyumbani, maskini alikwenda. Ibrahim hana fedha hizo. Apelekwa Sudan, nchi iliyotawaliwa na Uingereza na Misri kwa pamoja tangu 1899. Wanubi wa Uganda watalielewa jambo hili upesi, maana wazee wa wengi wao walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri huko Equatoria, nao walichukuliwa na Kapteni Lugard mwaka 1891 na kuletwa huku. Familia za askari wa leo zina simu ya mkononi. Mke wa Hasan angepokeaje hata barua ya mwanamume mwingine? Alichobakiwa nacho ni leso aliyoiacha Ibrahim.

Masimulizi ya kitabu ni ya Kiarabu fasaha, lakini wanakijiji waongea Kiarabu chao cha shambani, jambo lililowaudhi baadhi ya wasomi. Muhammad Karim alikifanya filamu mara mbili, mwaka 1930 bila sauti na mwaka 1952 yenye sauti.

Zaynab apatwa na kifua kikuu. Katika siku zake za mwisho amwomba mama yake kwamba ndugu zake wasiozwe bila ya kutaka wenyewe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 31, yasema hivyo hivyo: ndoa ni kwa ridhaa huru ya mwanamume na mwanamke. Kisha Zaynab ataka leso aletewe, aishika mkononi, na neno lake la mwisho ni kwamba izikwe pamoja naye.