Ini la Shaba na Matope ya Mto

Mwanangu yuko darasa la tano hapa Bologna, na kwa watoto wa Italia darasa la tano ni mwaka wa Waetruski na Warumi. Majuzi alirudi na kazi ya nyumbani: achore ini. Si la somo la sayansi. Ni ini la kondoo lililoundwa kwa shaba, urefu wake sentimita kumi na mbili na kitu, lililofukuliwa shambani karibu na Piacenza mwaka 1877. Jumapili tukapanda treni tukaenda kulitazama kwenye makumbusho ya Palazzo Farnese.

Nilitegemea kitu kikubwa. Nikakuta kitu unachoweza kukifumba mkononi, kimechorwa mistari juu yake kama shamba lililogawiwa warithi. Ukingoni kuna vyumba 16, na kila chumba kina jina la mungu: Tin, mwenye radi, Uni, mke wake, Fufluns wa mvinyo, na wengine ambao hata wataalamu hawajui kazi yao. Mwaguzi wa Kietruski alichinja kondoo, akalitoa ini likiwa bado na joto, akalitazama doa liko upande gani. Vyumba vile 16 ni pande 16 za mbingu, kwa hiyo doa likionekana chumba fulani, mungu wa upande huo ndiye mwenye neno. Lile la shaba lilikuwa kielelezo tu, pengine la kufundishia wanafunzi.

Mtoto alikuwa amekwisha kupiga picha anataka aiskrimu, ndipo akauliza, "Mama, na kule Kawetele miungu yao iliitwaje?"

Yao. Hilo niliacha lipite. Nikamjibu, "Kyala." Njia nzima ya kurudi nikawa nalitafuna jibu langu, maana nilijua nimempa nusu.

Kwa wasiofahamu: Kawetele ni kata ya Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye ukungu, migomba na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi ni Wanyakyusa. Ukiingia kanisa lolote la Kimoravian kule, Mungu anaitwa Kyala, kwenye Biblia, kwenye nyimbo na msibani. Nimekua nikidhani jina hilo lilianguka kutoka juu likiwa limekamilika. Kumbe Kyala ana anwani. Karibu na Matema, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, upande wa Wakisi wanaofinyanga vyungu, kuna mahali panaitwa Palikyala, yaani alipo Kyala. Pana pango, na wazee walikwenda kutambika humo.

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika kwetu mwaka 1891. Walihitaji neno la kumwita Mungu, na majina yaliyokuwapo yalikuwa ya mashujaa wa kale walioshuka kutoka Bukinga, kule kwenye milima ya Livingstone, kuja bondeni: Lwembe, Kyala, na pia Kyungu aliyeendelea mbele hadi Ngonde, Karonga ya leo nchini Malawi. Masimulizi yanasema watu waliowakuta walikuwa wakila vyakula vibichi, na kwamba wageni hao ndio walioleta moto, ng'ombe na chuma. Hilo la chuma haliwezi kushangaza mtu wa kwetu. Wakinga walikuwa wahunzi, na majembe yalishuka kutoka milimani mwao.

Kati ya majina hayo, la Kyala likapandishwa mbinguni. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliona kwamba wazo la Kyala kuwa mmoja tu, juu ya wote na mbali na wote, lilikuwa geni. Zamani alikuwa wa daraja moja na Lwembe. Lakini kufikia miaka hiyo watu walikwisha kuimba jina lake kanisani kwa zaidi ya miaka arobaini, na hata wazee ambao hawakubatizwa walikuwa wakiyachanganya ya kale na ya mahubiri. Ukimwaga maziwa kwenye chai huwezi kuyatoa tena.

Nisije nikaeleweka kwamba nalalamika. Waetruski nao walifanya hivyo, tena kwa hiari yao. Mwaka 1964, huko Pyrgi, bandarini kaskazini ya Roma, wachimbuzi walipata vibati vitatu vya dhahabu vya yapata mwaka 500 kabla ya Kristo. Viwili vimeandikwa Kietruski, kimoja Kifoinike. Mtawala wa mji wa Caere, Thefarie Velianas, anatangaza kwamba ametabaruku mahali patakatifu kwa ajili ya Uni. Kwenye kibati cha Kifoinike Uni huyo huyo anaitwa Astarte. Mtawala hakuona shida. Alikuwa na washirika wa biashara ng'ambo ya bahari, akataka waelewe ni mama yupi anayemzungumzia. Baadaye Warumi wakamwita Juno, na Tin akawa Jupiter.

Tofauti ni kwamba Thefarie alitafsiri mungu wake mwenyewe. Wa kwetu alitafsiriwa na wageni.

Wengine hawakupanda, walishushwa. Mbasi, jina lingine kubwa la enzi zile, ambaye watu walimwogopa na kumpelekea ng'ombe, mahubiri yalimfanya shetani. Nikimfikiria Mbasi namkumbuka Charun, aliyechorwa kwenye makaburi ya Tarquinia ameshika nyundo. Jina lake limetoka kwa Kharon wa Wagiriki, mzee anayevusha wafu kwa mtumbwi, ila huyu wa Kietruski hana mtumbwi. Anasimama mlangoni mwa kuzimu, na nyundo yake. Jina limehama, kazi imebaki ya nyumbani. Kwa Kyala imekuwa kinyume: jina ni la nyumbani, kazi ndiyo iliyotoka mbali.

Aliyebaki bila kupandishwa wala kushushwa ni Lwembe. Nikampigia baba mdogo Kawetele. Tukaanza na salamu ya ugonile, tukaja mvua, ndizi, bei ya chai na magoti yake, maana mtu mzima huwezi kumrukia na swali. Kisha nikamuuliza habari za Lwembe. Baba mdogo ni mzee wa kanisa. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu, hayo ya Lubaga umeyatoa wapi huko Ulaya?"

Nikamweleza kuhusu ini, shule na mjukuu wake. Akacheka. Akasema hayo walikuwa wakiyasema wakubwa tu, tena kwa sauti ya chini. Halafu akanisahihisha: "Lwembe hakuwa mungu. Alikuwa mtu."

Na hapo ndipo mambo ya kwetu yanapowazidi Waetruski kwa uzito, kwa maoni yangu. Lubaga si mbali na Tukuyu. Hapo aliishi Lwembe, mtu mwenye mke na shamba, lakini ndani yake palikuwa na yule Lwembe wa kwanza aliyetoka Bukinga. Akinawiri, mahindi na ndizi vilinawiri. Akiumwa, nchi iliumwa naye. Kwa hiyo hakuruhusiwa kufa kifo cha kitandani. Alipodhoofika, makuhani wake walimziba pumzi. Kabla roho haijatoka walimnyofoa nywele na kucha wakazifukia kwenye matope ya mto, kwa kuwa vitu hivyo ndivyo vinavyoendelea kukua, na ukuaji huo haukutakiwa kuondoka na maiti. Si ajabu kwamba waliostahili kurithi walikimbia wakisikia wanatafutwa. Kyungu wa Ngonde, kwenye kilima chake cha Mbande, naye alikuwa na mwisho wa aina hiyo.

Haya yamo kwenye kitabu cha Monica Wilson cha 1959 kuhusu ibada za jumuiya za Wanyakyusa. Jina lake ndilo liko kwenye jalada, lakini mengi yaliandikwa kwanza na vijana wa Kinyakyusa waliosoma shule za misheni, hasa Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao. Ndiye aliyejua nani wa kuulizwa na nani wa kutoguswa. Ningependa siku moja kuona barabara moja ya Tukuyu ina jina lake.

Kwa Waetruski hali iko kichwa chini miguu juu. Wao waliandika wenyewe: maandishi yao yanayojulikana yanapita 10,000, mengi mafupi ya makaburini. Kuna hata kitabu cha ibada kilichoandikwa kwenye kitani, ambacho Wamisri walikichana kumviringishia maiti, na leo kiko Zagreb. Herufi zinasomeka zote. Lugha ndiyo imekufa, kwa hiyo unaweza kuisoma sala nzima kwa sauti na usijue umeomba nini. Mfalme Klaudio wa Roma aliandika vitabu 20 juu ya historia yao, vimepotea vyote. Hadithi zao tunazisikia kwa vinywa vya Warumi, kama ile ya Tages, mtoto mwenye hekima ya mzee aliyechomoza kwenye mfereji wa jembe kule Tarquinia akafundisha watu kusoma maini. Cicero ndiye anayeisimulia, tena kwa kejeli.

Wao wana maandishi, hawana msemaji. Sisi tuna wasemaji mamia ya maelfu, na tulichoandikiwa kinaanza na kufika kwa wageni.

Lakini neno lililo hai lina faida yake. Wafu wa kwetu waliitwa abasyuka, waliokaa chini ya ardhi na kuwaangalia watoto wao. Kanisani, Yesu anapofufuka, kitenzi ni kile kile, kusyuka. Kila Pasaka mababu wanapita mbele ya madhabahu ndani ya kitenzi na hakuna anayewafukuza.

Kuna mengine yanayofanana bila kuwa na undugu. Waetruski waliamini taifa lao limepewa zama kumi, na kila zama iliisha pale alipokufa mtu wa mwisho aliyezaliwa siku ilipoanza. Kwetu, mara moja kila kizazi palikuwa na ubusoka, kutoka nje: wana wa malafyale, yaani mtemi, walikabidhiwa nchi, mioto yote ikazimwa, ukapekechwa moto mpya kwa vijiti, na malafyale mzee akatarajiwa kutokaa sana baada ya hapo. Na wao kama sisi walitafuta majibu tumboni. Wao walitafuta tumboni mwa kondoo, wazee wetu walipasua maiti kuangalia kama mtu alikuwa na nguvu za chatu, yaani za kichawi, ndani yake, au kama wenye nguvu hizo ndio waliomuua.

Sitaki mtu aniambie kwamba haya yote ni ya kubuni tu. Kwa miaka mingi wawindaji wa Rungwe walimtaja nyani mwenye aibu anayeitwa kipunji. Watafiti waliposikia hawakuwa na hakika kama ni mnyama au pepo, kwa kuwa hadithi za Kinyakyusa zimejaa wote wawili. Mei 2003 wakamwona mlimani, na leo ana jenasi yake peke yake, Rungwecebus.

Jumatatu usiku mtoto alikuwa bado anachora. Vyumba 16 vilikuwa tayari, majina ameyaandika kwa rangi. Nikamsimulia ya Lubaga, nikapunguza makali pale pa kuziba pumzi, ingawa macho yake yaliniambia ameelewa. Akaizungusha karatasi, akitafuta pa kumweka Lwembe.

"Mama, upande gani wa mbingu?"

Nikamwambia huyo hakai juu. Akafikiri kidogo, akachukua penseli ya kahawia, na chini kabisa ya karatasi, nje ya ini, akaanza kuchora mto.