Mshahara Ndio Mfadhili wa Kitabu

Wengi huamini kuwa kitabu hakiandikiki mpaka mtu aache kazi, apate mwaka mzima wa kukaa na kalamu yake. Fasihi yetu yenyewe inalikataa hilo. Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926 akiwa kijana, akatumika humo hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali ya kikoloni. Sehemu kubwa ya kazi zake aliiandika akiwa mwajiriwa. Utenzi wa Vita vya Uhuru aliutunga wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini ulitoka kitabuni mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Angeutegemea umlishe, angelala njaa. Mshahara ulimwezesha kuandika hata kile ambacho hakikuwa bado na mnunuzi.

Atakayepinga atataja uchovu, na si wa kupuuzwa: aliyetoka kazini jioni akakwama kwenye foleni hadi saa mbili usiku hana akili ya kutunga. Ndiyo maana Anthony Trollope, ofisa wa posta wa Uingereza katika karne ya 19, aliandika kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ikiwa mezani, ndipo akaenda ofisini. Wala hesabu haitishi. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, yanafika 60,000 katika wiki 40, na hiyo ni riwaya kamili. Tatizo hasa ni kuandika kwa vipande. Rehema wa sura ya pili hugeuka Rukia katika sura ya tisa, na mjane wa mwanzo anapigiwa simu na mumewe mwishoni. Mwandishi mwenyewe haoni, kwa kuwa anasoma alichokusudia. Kwa hiyo fedha ya kwanza kutoka kwenye mshahara iende kwa mhariri, kabla ya jalada na kabla ya sherehe ya uzinduzi (ambayo kwa wengine hula kuliko uchapaji).

Wengine watasema kujichapishia ni kutupa akiba. Mara nyingi ni kweli, na chanzo chake kinajulikana. Katika uchapaji wa ofseti, gharama za kuandaa mashine ni zilezile ziwe nakala 100 au 2,000, hivyo bei ya kila nakala hushuka kadiri idadi inavyopanda. Mwandishi huvutwa na unafuu huo, akakopa, akajaza maboksi chumbani. Kisha maduka humpokea kwa mali kauli: nakala zikiuzwa ndipo alipwe, tena baada ya duka kukata fungu lake. Uchapaji wa dijitali una bei ya juu kwa kila nakala, hivyo faida hupungua, ila huruhusu kuchapa chache na kurudia. Mwenye mshahara anaweza kuvumilia faida hiyo ndogo. Aliyeacha kazi hawezi, naye ndiye anayelazimika kuuza kwa hasara ili alipe kodi ya nyumba. Ikiwa mswada wako umeshapita kwa mhariri, omba namba ya ISBN, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, chapa nakala 100 kwa fedha yako mwenyewe, na barua ya kuacha kazi usiiandike kwanza.